Mwalimu Kabla ya Kocha

Katika mwezi wa Mei 1964, miezi mitano baada ya Kenya kupata uhuru wake, timu ya taifa ya raga ya Wales ilishuka Nairobi ikiwa safarini kwenda Afrika Kusini, ikacheza na timu ya Afrika ya Mashariki, ikaishinda kwa alama 26 kwa 8, kisha ikashika njia yake kwa raha ya msafiri aliyevuka kijito akadhani amekwisha kuivuka bahari. Mchezo ule wa Nairobi wachache wanaukumbuka, wala si ajabu, kwani ulifunikwa upesi na msiba uliofuata: tarehe 23 ya mwezi huo huo, katika mji wa Durban, Wales walikwenda mapumziko wakiwa sawa na wenyeji wao, alama 3 kwa 3, lakini katika kipindi cha pili wakawa kama watu waliosahau kazi iliyowaleta, wenyeji wakawapita kushoto na kulia, hata filimbi ya mwisho ilipolia hesabu ilikuwa 24 kwa 3. Kipigo cha namna ile Wales hawakuwa wamekionja kwa miaka 40.

Timu ikishindwa vibaya, aghalabu lawama hutafuta kichwa cha kuangukia. Huyu akaondolewa, yule akasemwa, na msimu ukianza upya mambo yakarudi pale pale. Wakuu wa Chama cha Raga cha Wales, na kwa jambo hili ninawastahi hadi leo, hawakutosheka na lawama, bali waliunda kamati na kuitaka ichunguze suala ambalo hapo kabla lilikuwa karibu na mwiko kutajwa hadharani: mchezaji wa raga anafundishwa na nani, kwa njia gani, na kwa nini hapana mtu hata mmoja anayeulizwa juu ya mafunzo hayo?

Msomaji wa leo, aliyezoea kumwona kocha akizunguka kando ya mstari na daftari mkononi, huenda akastaajabu kuambiwa kwamba kwa muda wa miaka mingi mtu wa namna hiyo hakutakiwa katika raga. Sababu yake ilikuwa ile hofu kongwe ya fedha. Mwaka 1895 klabu za kaskazini ya Uingereza zilijitenga na chama kikuu kwa ajili ya ugomvi juu ya kuwafidia wachezaji ujira waliopoteza kwa kuacha kazi ili wacheze, na tangu siku hiyo waliobaki wakaapa kwamba raga yao itakuwa ya ridhaa tupu, mchezo wa watu wasiolipwa na wasiojitayarisha kupita kiasi. Hata timu ya taifa ikakatazwa kukusanyika mapema zaidi ya saa 48 kabla ya mchezo. Mtu wa kuwafundisha wachezaji alihesabiwa kuwa mlango wa nyuma wa kuingizia ujira, na kwa hiyo mamlaka yote yakaachwa mikononi mwa nahodha. Sisi watu wa Pwani tunalijua neno hilo lilikotoka, na tunajua ya kwamba nahodha chomboni hana wa kumwuliza. Lakini tunajua pia kwamba hakuzaliwa nahodha, alianza ubaharia tangu utoto, akafunzwa nyota na pepo na mikondo na wazee waliomtangulia. Raga ya Uingereza ilitaka nahodha bila ya kutaka huyo mzee wa kumfunza.

Si kwamba maarifa hayakuwapo. Timu ya Wales iliwashinda New Zealand mwaka 1905 mjini Cardiff kwa alama 3 kwa 0, na alama zile zilitokana na hila iliyopangwa na kufanyiwa mazoezi na wachezaji wenyewe, mpira ukaelekezwa upande mmoja kumdanganya adui, kisha ukapelekwa upande wa pili. Nao watu wa kusini mwa dunia hawakuwa na haya ya kufundishwa: Afrika Kusini walikuwa na Danie Craven, mwanachuoni wa Stellenbosch, ambaye mwaka 1949 aliwafundisha vijana wake wakawashinda New Zealand michezo yote 4 ya mfululizo. Waingereza na Wales waliyaona hayo, wakayasifu, wakarudi makwao na kuendelea kuamini kuwa kipaji kinajitosha.

Walakini hapa ndipo ninapotaka kuzuia mwendo kidogo, maana wengi walioandika juu ya mageuzi ya Wales huanzia kwenye kamati ile, kana kwamba ilizua jambo pasipo kitu. Ukweli ni kwamba mwalimu alikuwapo siku zote, alikuwa shuleni. Katika vijiji vya wachimba makaa ya mawe vya kusini ya Wales, ambako baba alishuka shimoni alfajiri na kupanda juu jioni, shule ya sekondari ilikuwa ndiyo ngazi pekee ya kumtoa kijana ardhini, na aliyeishika ngazi hiyo alikuwa mwalimu, mara nyingi mwana wa mchimbaji vile vile, ambaye baada ya kusahihisha madaftari alikwenda kiwanjani katika mvua akafundisha raga bila ya kulipwa hata senti moja zaidi. Chama kilipiga marufuku kocha. Hakikuweza kumpiga marufuku mwalimu.

Chukua mfano wa Bill Samuel, mwalimu wa michezo katika shule ya ufundi ya Pontardawe. Mikononi mwake aliingia kijana mmoja, mwana wa mchimba makaa wa Gwaun-Cae-Gurwen, jina lake Gareth Edwards, mwepesi, mwenye nguvu na mwenye shauku ya kucheza katikati ya safu ya nyuma. Samuel alimtazama akaona asiyoyaona kijana mwenyewe: kwamba kimo chake hakitamfaa huko, na kwamba mahali pake ni pale nyuma ya skramu, mpira unapotoka miguuni mwa washambuliaji na kuhitaji mikono ya haraka na moyo usiotikisika. Kijana hakufurahi. Mwalimu hakumkaripia wala hakumbembeleza, alimpa kazi. Alimweka kwenye sarakasi za ukumbini, akamweka kwenye riadha na kuruka viunzi, akamrudisha kwenye pasi ile ile mara mia hata mkono wa kushoto ukawa sawa na wa kulia, na alipoona kwamba shule yake imekwisha kumpa kijana yote iliyokuwa nayo, akakaa mezani akaandika barua kwa mkuu wa shule ya Millfield, huko Uingereza, akimwombea nafasi. Gareth akapokewa, akawa bingwa wa shule za Uingereza katika mbio za kuruka viunzi, na mwaka 1967, akiwa na umri wa miaka 19, akaichezea Wales kwa mara ya kwanza. Watu wengi wamemwita mchezaji bora kupata kutokea katika raga. Mimi kila nisomapo sifa hizo huifikiria ile meza na ile barua.

Na hakuwa peke yake. Shule ya Gwendraeth ilitoa wachezaji wa nafasi moja hiyo hiyo, yule apokeaye mpira kutoka kwa mtu wa nyuma ya skramu na kuamua upelekwe wapi, mmoja baada ya mwingine kama ushanga uzini: Carwyn James, kisha Barry John, kisha Gareth Davies, kisha Jonathan Davies. Wenyeji walipenda kusema kwamba chini ya ardhi yao kuna kiwanda cha kutengenezea watu hao. Kiwanda hakikuwapo, walikuwapo walimu.

Basi kamati ilipomaliza kazi yake, na mwaka 1967 Chama kikamwajiri Ray Williams kuwa msimamizi wa mafunzo, mtu wa kwanza duniani kulipwa na chama cha raga kwa kazi hiyo, haikuwa bahati kwamba aliyechaguliwa alikuwa mtu wa elimu ya viungo na si jemadari mstaafu. Williams hakuwa na haja ya kuifundisha timu ya taifa. Muradi wake ulikuwa kumfikia yule mtu asiyejulikana anayekusanya wachezaji ishirini katika kiwanja cha kijiji usiku wa Jumanne, chini ya taa moja, mvua ikinyesha, na kumpa njia iliyo bora kuliko ile aliyoirithi. Na ile aliyoirithi ilikuwa hii: kuzunguka kiwanja mbio mara kadhaa, kisha kugawana pande mbili na kucheza hadi giza, mpira mmoja kwa watu wote hao, ambapo hodari hushika mpira kila dakika, na mnyonge hurudi nyumbani bila ya kuugusa.

Alichokifanya kilikuwa rahisi kukieleza, na wakati ule kilikuwa kigeni. Alikigawa kiwanja katika miraba ya hatua kumi kwa kumi, akaweka ndani ya kila mraba wachezaji watatu wanne na mpira wao, akawapa tatizo moja dogo walitatue: wawili wampite mmoja, au watatu wawapite wawili. Nafasi ikiwa finyu, mtu hulazimika kuangalia; mipira ikiwa mingi, kila mkono hufanya kazi; tatizo likiwa moja, mwalimu hujua anasahihisha nini. Kisha akawafundisha makocha kuanza na mambo ya asili kabla ya mbinu: kwenda mbele, kumsaidia mwenzako mwenye mpira, kuendeleza mwendo usikatike, na kumbana adui asipate pumzi. Wale waliokuwa wakijua kukemea tu waliambiwa kwamba kukemea si kufundisha, na kwamba kocha asiyeweza kueleza kwa nini jambo limekwenda kombo, hata akipaza sauti namna gani, hajasema neno. Kila mwaka makocha walikusanyika Aberystwyth, mji wa pwani wenye chuo kikuu, wakasoma kama wanafunzi, na haikuchukua muda wageni kutoka nchi nyingine wakaanza kubisha hodi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ukaja mchezo mdogo wa watoto, wachezaji 9 kila upande katika kiwanja kilichopunguzwa, kwa kuwa ilionekana ni dhuluma kumtupa mtoto wa miaka minane katika uwanja uliopimwa kwa miguu ya baba yake.

Upinzani ulikuwapo, tena mkali. David Nash aliteuliwa mwaka 1967 kuwa kocha wa kwanza wa timu ya taifa, lakini Wales walipokuwa wakijiandaa kwenda Argentina mwaka 1968, wakuu wale wale waliomteua wakaamua kwamba safarini hakuna haja ya kocha. Nash akajiuzulu. Klabu zikalalamika, uamuzi ukageuzwa, na nafasi ikapewa Clive Rowlands, ambaye alikuwa ndiye nahodha wa timu iliyopigwa Durban. Bwana huyu naye alikuwa mwalimu wa shule. Akaanza kuwakusanya wachezaji siku za Jumapili karibu na bahari, huko Aberavon, wakajuana, wakazoeana, na timu ikaacha kuwa mkusanyiko wa watu waliokutana jana yake hotelini. Mwaka 1969 Wales wakazishinda Uingereza, Scotland na Ireland katika msimu mmoja. Mwaka 1971 wakazishinda tena hizo tatu, na Ufaransa pia, na kuzishinda zote nne katika msimu mmoja ni jambo ambalo halikuwa limetokea tangu 1952.

Rowlands alikuwa na kipawa cha maneno. Watu wa Wales wana neno *hwyl*, walitumialo kwa ile hali ya mhubiri au mwimbaji kushikwa na hamasa hata sauti ikawa kama si yake, na asili ya neno hilo katika Kiwelisi ni tanga la chombo. Mtu wa Pwani hahitaji kufasiriwa zaidi. Rowlands alikuwa mtu wa tanga: alisimama katika chumba cha kuvalia, akawakumbusha vijana wazazi wao, vijiji vyao, na watu wanaowangoja nje, na wakatoka pale kifua mbele kama chombo kilichopata upepo wa kusi. Ghera kama ile haidharauliki. Lakini tanga bila ya usukani hukipeleka chombo miambani kwa kasi zaidi, na katika viwanja vya chini nimewaona makocha wengi wanaoliiga tanga na kuusahau usukani, wakidhani kwamba mchezaji aliyepandwa na mori amekwisha kuwa mchezaji aliyefunzwa.

Aliyeviunganisha viwili hivyo alikuwa Carwyn James, na ningependa msomaji amfahamu vizuri. Alizaliwa mwaka 1929 katika kijiji cha Cefneithin, mwana wa mchimba makaa, akasoma Gwendraeth, akawa mwalimu wa lugha na fasihi ya Kiwelisi katika shule ya Llandovery na baadaye mhadhiri katika chuo cha Trinity huko Carmarthen. Alipenda mashairi ya lugha yake kwa mapenzi ya dhati, alijifunza Kirusi alipokuwa jeshini, na mwaka 1970 aligombea ubunge kwa tiketi ya chama cha wazalendo wa Wales. Mwanzoni mwa mwaka huo huo timu ya Afrika Kusini ya Weupe watupu ilipokuja kucheza na Llanelli, klabu aliyokuwa akiifundisha, aliwatayarisha wachezaji wake kama ilivyompasa, kisha walipotoka kwenda uwanjani yeye akabaki chumbani peke yake, hakuutazama mchezo, kwa sababu nafsi yake ilikataa kuyakubali yale yaliyokuwa yakitendwa na serikali ya huko. Hakumlazimisha mchezaji hata mmoja afuate msimamo wake.

Hiyo ndiyo iliyokuwa tabia yake katika kufundisha pia. Mwaka 1971 alipopewa timu ya Lions, mseto wa wachezaji wa mataifa manne ya Visiwa vya Uingereza na Ireland, kuipeleka New Zealand ambako timu kama hiyo haikuwa imepata kushinda mfululizo, aliwaambia tangu mwanzo kwamba hataki Mwairishi ajigeuze Mwingereza wala Mwingereza ajifanye wa Wales; kila mtu aje na asili yake, kwa kuwa ndiyo mali aliyo nayo. Kisha akafanya jambo ambalo makocha wa siku zile walilihesabu kuwa ni udhaifu: akauliza. Alimwendea mshambuliaji wa safu ya mbele akamwuliza juu ya skramu, akasikiliza jawabu, akalitumia. Kijana aliyezoea kupewa amri alijikuta anafikiri, na aliyefikiri akajiona ana fungu katika jambo, na aliye na fungu hahitaji kusukumwa. Lions walishinda michezo 2, wakashindwa 1, wakatoka sare 1. Hadi leo ndio Lions pekee waliopata kushinda mfululizo katika nchi ile.

Mwaka uliofuata New Zealand walizuru Wales, na tarehe 31 Oktoba 1972 wakaja Llanelli, mji wa viwanda vya bati, ambako juu ya nguzo za goli husimikwa sufuria nyekundu kuwa alama ya kazi ya wenyeji. James alikuwa ameusoma mchezo wa wageni wake kwa miezi, na kila mchezaji alijua wajibu wake. Chumbani, dakika za mwisho, yeye aliyeweza kusema kuliko wote alikaa kimya, akampisha nahodha wake, Delme Thomas, fundi wa nyaya za umeme, mtu mrefu asiyekuwa na maneno mengi. Thomas aliwaambia wenzake kwamba heshima zote alizopata, za kuichezea Wales na za Lions, yu tayari kuzitoa zote ili washinde siku ile. Watu wazima walilia. Walipotoka, mkwaju wa penalti wa Phil Bennett uligonga mwamba wa juu ukarudi, mpinzani akaudaka akajaribu kuupiga nje, naye Roy Bergiers, ambaye angeweza kusimama kusikitikia mkwaju uliokosa, alikuwa amekwisha kukimbia. Akauzuia kwa mwili, akaulalia, ikawa trai. Llanelli 9, New Zealand 3. Watu husimulia machozi ya chumbani. Mimi naona kwamba machozi yale yasingefaa kitu kama Bergiers hangekuwa amefunzwa, mara nyingi na katika mvua nyingi, kuufuata kila mpira hata ulioonekana umekwisha.

Chama cha Wales hakikumpata mtu huyu kuwa kocha wa taifa. Mwaka 1974 alijitokeza, kisha akajiondoa mwenyewe, kwa kuwa hakukubali kufundisha timu iliyochaguliwa na kamati ambayo neno lake ndani yake lingekuwa moja kati ya mengi. Alikwenda kufundisha Rovigo, Italia, akawapatia ubingwa wa nchi yao mwaka 1979. Akafariki Amsterdam mwezi wa Januari 1983, na umri wake ulikuwa miaka 53.

Yaliyofuata nitayapitia upesi, maana yana majonzi. Katikati ya miaka ya 1980 walimu wa Uingereza na Wales waligombana na serikali juu ya mishahara, wakasitisha kazi zote za ziada zisizolipwa, na raga ya Jumamosi asubuhi ilikuwa miongoni mwake. Migodi nayo ikafungwa. Haki ilikuwa upande wa walimu, ndivyo nionavyo, kwani nchi nzima ilikuwa imekula jasho lao kwa miaka mia moja bila ya kulihesabu; lakini mgogoro ulipokwisha wengi hawakurudi kiwanjani, na mwaka 1988 Wales walikwenda New Zealand wakapigwa 52 kwa 3, kisha 54 kwa 9. Watoto wakahamia katika klabu, siku ya Jumapili, na waliowapokea walikuwa wazazi: fundi bomba, karani, muuguzi, ambao njia yao ya kufundishia ilikuwa ile ile miraba ya Ray Williams.

Miraba hiyo imefika mbali. Nimeiona katika kiwanja kimoja cha shule huku Pwani, mchanga mtupu, ambapo kijana anayefundisha hakuwa na vifaa vya kuwekea alama, akawaambia watoto wavue ndara zao, akazipanga pembe nne nne. Msichana mmoja alipewa mpira, adui mmoja mbele yake na mwenzake ubavuni, akautupa, ukaanguka. Wenzake wakacheka. Kijana yule akawanyamazisha kwa mkono, akachutama hata macho yake yakawa sawa na ya mtoto, na asimwambie amekosea wapi. "Uliona nini?" akamwuliza. Msichana akafikiri, mguu wake ukichora mchanga. "Niliona upande ule hakuna mtu, mwalimu." Kijana akauokota mpira, akaupangusa kwa fulana yake, akamrudishia.